Unapiga Chafya Ukimshika Paka na Bado Unamtaka? Fanya Haya Kabla ya Kumchukua Kituoni

Siku tisa. Hizo ndizo siku alizokaa kwangu paka wa kwanza niliyemchukua kwenye kituo cha wanyama wasio na kwao. Waliomlea walimwita Jemedari, dume kubwa la kijivu lenye shingo nene. Siku ya kwanza nilipiga chafya, nikasema ni vumbi. Siku ya nne macho yakavimba. Usiku wa nane nilikuwa nimekaa kitandani saa tisa, nimeegemea ukuta, kifua kimebana na kinatoa mlio kama filimbi, na yeye yuko miguuni kwangu amejikunja kwa raha zake. Asubuhi nikamrudisha. Njia nzima hakulia ndani ya kikapu. Mhudumu alimpokea, akamtazama, akaniambia kwa upole: "Dada, hii ni mara yake ya pili kurudishwa."

Maneno hayo yalinikaa moyoni miaka mitatu. Leo ninaishi na Kiraka, paka jike mweupe mwenye doa moja jeusi ubavuni, na huu ni mwaka wetu wa nne pamoja. Mzio wangu haujaondoka, ila nilibadilisha mpangilio. Mara ya kwanza nilianza na paka, nikaja kwenye nyumba, nikaishia kwa daktari. Mara ya pili nilianza na daktari, nikafuata nyumba, paka akaja mwisho. Nakuandikia hatua hizo kwa sababu ukikosea hesabu hii, wewe utapona baada ya wiki chache, lakini paka atakuwa amepoteza nyumba kwa mara nyingine.

Mimi ni fundi wa kushona na kazi yangu naifanyia nyumbani. Nitakayoyasema kuhusu vitambaa yanatoka kwenye meza yangu. Ya dawa nimeyapata kwa daktari wangu, nawe uyapeleke kwa wako kabla ya kuyafuata.

Manyoya hayana kosa

Wengi wanaamini kwamba mzio wa paka ni mzio wa manyoya, ndiyo maana wanahangaika kutafuta paka mwenye manyoya machache. Kinachotusumbua ni protini, na iliyo kubwa kuliko zote inaitwa Fel d 1. Inatengenezwa kwenye tezi za mate na kwenye tezi za mafuta za ngozi. Paka anajilamba kutwa, mate yanakauka juu ya manyoya, yanachanganyika na mba wa ngozi, kisha vyote vinapukutika. Baadhi ya chembe hizo ni ndogo kuliko sehemu tano za elfu za milimita. Chembe ndogo kiasi hicho haianguki chini kama mchanga. Inaelea hewani kwa saa nyingi na kunata kwenye ukuta, kwenye pazia, kwenye sweta la mgeni. Ndiyo sababu unaweza kuwashwa macho ndani ya basi ambalo halijawahi kupanda paka. Na ndiyo sababu nyumba iliyoishi paka inaweza kuchukua miezi minne hadi sita baada ya yeye kuondoka kabla haijafanana na nyumba isiyo na paka.

Kwa hiyo usitumie nguvu zako kutafuta aina maalumu. Sphynx asiye na manyoya ana mate na ngozi kama wenzake. Siberian na Balinese husifiwa kwamba hawasumbui sana, lakini hata ndani ya uzao mmoja paka hutofautiana mno. Jambo lenye uhakika zaidi ni hili: dume asiyehasiwa hutoa protini hiyo nyingi kuliko jike, na kuliko dume aliyehasiwa. Jemedari alikuwa hajahasiwa. Tulikubaliana na kituo kwamba nitampeleka mwenyewe baada ya wiki mbili, na wiki hizo mbili hatukuzimaliza.

Tofauti hiyo kati ya paka na paka ndiyo matumaini yetu. Huendi kuchukua "paka" kwa jumla, unaenda kutafuta paka mmoja ambaye mwili wako unaweza kuishi naye.

Daktari kwanza

Nilikuwa na hakika najua tatizo langu. Daktari aliponipima, nikagundua nilijua nusu yake tu.

Kipimo chenyewe si cha kuogopesha. Wanakudondoshea matone kadhaa kwenye mkono, kila tone likiwa na kitu tofauti, kisha wanachoma ngozi kidogo kupitia kila tone. Unasubiri dakika 15 hadi 20. Panapokataa panainuka uvimbe mdogo unaowasha, kama umeumwa na mbu. Uliza mapema ni siku ngapi kabla yake uache dawa za mzio, kwa sababu antihistamini huzima uvimbe huo na kipimo kikatoa jibu la uongo. Kama ngozi yako haifai kuchomwa, kipo kipimo cha damu.

Kwangu tone la paka liliinuka. La utitiri wa vumbi la nyumbani liliinuka zaidi. Yaani kabla Jemedari hajakanyaga kwangu, mwili wangu ulikuwa tayari umebeba mzigo wa godoro la zamani na magunia ya vipande vya vitambaa, halafu yeye akaongezea wa kwake. Hii ndiyo habari njema kuliko zote nilizowahi kupewa na daktari, kwa sababu utitiri ningeweza kuupunguza bila kumgusa paka yeyote.

Maswali ya kumpelekea daktari ni haya. Je, nina pumu, au dalili za pumu? Mlio wa kifua, kukohoa usiku, kifua kubana: hayo si mafua, na ndiyo yanayoamua kama safari hii iendelee au isimame. Mwenye pumu kali isiyotulia asimchukue paka sasa. Nasema hivyo kwa moyo mzito, lakini nasema. Je, nitumie dawa gani kila siku, na ipi ya dharura? Je, tiba ya kuuzoesha mwili inanifaa? Hiyo ni ile unayopewa kiasi kidogo kidogo cha kitu kinachokusumbua, kwa miaka mitatu hadi mitano. Mimi sikuifanya, ila najua waliosaidika nayo.

Mimi nilipewa dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kila siku, na kidonge cha mzio cha setirizini cha kutumia panapohitajika. Ile ya puani haifanyi kazi kama swichi ya taa. Huchukua siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, kufikia nguvu yake, kwa hiyo ianze kabla ya paka kuja. Na ina namna yake ya kupuliza: inamisha kichwa kidogo mbele, elekeza ncha upande wa sikio la tundu hilohilo badala ya katikati ya pua, puliza, vuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu inaishia kooni. Kwa miaka mingi nilikuwa naelekeza katikati, natoka damu puani, halafu nasema dawa hainifai. Kuhusu vidonge, vile vya zamani kama klorofenamini huleta usingizi, na mtu anayekaa mbele ya mashine na mkasi hawezi kufanya kazi amelewa usingizi. Mwambie daktari kazi yako ni nini.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka hapa. Baadhi ya dawa zako ni sumu kwa paka. Parasetamoli humuua paka hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Vidonge vya mafua na mzio vilivyochanganywa na sudoefedrini navyo ni hatari kubwa kwake. Kidonge kikianguka, kitafute mpaka ukipate.

Nyumba, na hasa vitambaa

Mahali pa kuanzia ni chumba cha kulala, na sheria yake haina mjadala: paka haingii. Unalala kwa muda wa saa saba au nane, uso wako uko juu ya mto. Ukikipa kifua chako saa hizo za kupumzika kila siku, mchana kitakuvumilia mengi. Watu wengi niliowashauri wanakubali yote isipokuwa hili, kwa sababu picha waliyonayo kichwani ni ya paka aliyelala kwapani. Nawaelewa. Lakini paka aliyezoea tangu siku ya kwanza kwamba mlango ule haufunguki hateseki, anayeteseka ni yule aliyelala humo mwezi mzima kisha akafungiwa nje.

Sasa vitambaa. Chukua kipande cha velveti nyeusi na kipande cha pamba iliyofumwa kwa kubana, vitandike mahali paka anapolala siku mbili, kisha vipeleke chini ya taa kali. Nilifanya hivyo na kitambaa nilichoazima kituoni. Pamba ukiikung'uta inaachia karibu kila kitu. Velveti unaikung'uta, unaipiga, unaipitishia brashi, na bado unaona chembe nyeupe zimezama kati ya nyuzi kama unga kwenye ungo. Na hizo ni zile zinazoonekana tu, zinazoumiza zaidi hazionekani kwa macho. Zulia nene ni velveti ya sakafuni. Sofa la kitambaa chenye manyoya ni hivyohivyo, na pazia zito pia.

Niliondoa zulia lote. Ukibaki na sakafu ya kupiga deki umeshinda nusu ya vita. Pazia nzito nikabadilisha na nyepesi ninazoweza kuzifua. Kochi sikuweza kulibadilisha, kwa hiyo nikalishonea magwanda: pamba iliyofumwa kwa kubana, zipu nyuma, seti mbili, moja ikiwa kwenye kochi nyingine iko kwenye maji. Kama hujui kushona, shuka la pamba lililokunjwa vizuri na kupachikwa pembeni linafanya kazi hiyo. Godoro na mito nikavivika mifuko yenye zipu iliyofumwa kwa kubana sana, ile inayouzwa kwa ajili ya utitiri. Ukijishonea mwenyewe, kumbuka kila tundu la sindano ni mlango, kwa hiyo kunja mshono mara mbili na ufunike zipu kwa ulimi wa kitambaa. Shuka na foronya nafua kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, maana chini ya hapo utitiri haufi vizuri.

Nina pia kitu ninachokiita koti la paka. Ni gauni pana la pamba lenye mikono mirefu na mifuko miwili, linaning'inia kwenye msumari sebuleni. Kabla ya kumpakata Kiraka nalivaa, nikimaliza nalivua na kunawa mikono hadi kwenye viwiko. Halitoki sebuleni isipokuwa kwenda kufuliwa. Nadhani kati ya vitu vyote nilivyofanya, hili gauni la jioni mbili za kushona ndilo lililonipa raha zaidi, kwa sababu ndilo linaloniruhusu kumkumbatia.

Na chumba changu cha kazi nacho amefungiwa. Nguo za wateja zinaondoka kwangu kwenda majumba ambayo siyajui, na mmojawapo anaweza kuwa na mtoto mwenye pumu.

Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA inasaidia. Kichujio cha kweli cha aina hiyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa sehemu 0.3 za elfu za milimita. Lakini mashine inasafisha hewa iliyopita ndani yake tu, haiwezi kunyonya kilicholala ndani ya kochi. Ukiwa nayo moja, iweke chumbani unakolala na usiizime. Kaa mbali na zile zinazotoa ozoni, maana ozoni yenyewe huchokoza kifua. Na usijaribu kufunika harufu ya paka kwa manukato au mafuta ya kufukiza, yanakuwasha pua wewe na mengine yanamdhuru yeye.

Ufagio mkavu uache. Unainua kila kitu kilichotulia. Tumia kitambaa chenye maji, au kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, na vaa barakoa wakati wa kusafisha, hata kama ni dakika kumi.

Kituoni: kumtafuta yule mmoja

Nilipoingia mara ya kwanza kwenye chumba cha paka wengi nilianza kuwashwa kabla sijamshika hata mmoja. Chumba chenye paka thelathini hakikupi jibu la paka mmoja. Mwambie mhudumu ukweli tangu mlangoni: nina mzio, nimewahi kushindwa, sitaki kumrudisha mnyama. Nilidhani wangenifukuza. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa zamu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanaotuficha ndio wanaotuumiza, mwanangu. Wewe njoo mara nyingi utakavyo."

Uliza haya: ana umri gani, amehasiwa au kufungwa kizazi lini, amechanjwa, amepimwa virusi vya FIV, vile vinavyodhoofisha kinga ya paka, na vya leukemia ya paka, yaani saratani ya damu, aliwahi kuishi ndani ya nyumba? Kisha uliza swali ambalo watu wengi hawaliulizi: anapenda vipi? Kuna paka anayependa kwa kukulamba mikono na kusugua uso wake kwenye uso wako. Ni mtamu, na kwa mwenye mzio ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anakupaka mate moja kwa moja. Kuna mwingine anayependa kwa kukaa karibu, hatua mbili kutoka ulipo, akikutazama unafanya kazi. Mtafute huyo wa pili. Ndiyo maana mimi napendekeza paka mtu mzima, wa miaka miwili kwenda juu: tabia yake imeshajulikana, wahudumu wanaweza kukueleza. Kitoto cha paka ni bahasha ambayo haijafunguliwa.

Kiraka alikuwa wa namna hiyo. Alikaa kituoni miezi saba kwa sababu hakujipeleka kwa wageni. Nilikaa sakafuni katika chumba kidogo walichotupa, mgongo ukutani. Alizunguka pembezoni, akanusa kiatu changu, akaenda kukaa chini ya kiti, akakunja mikono yake ndani. Baada ya muda kope zake zikaanza kushuka polepole na kupanda polepole, namna paka wanavyofanya wanapokuona huna ubaya. Nami nikamfumbia macho polepole. Hakunisogelea siku ile.

Ziara za kujipima zifanye hivi. Vaa nguo safi ya mikono mifupi. Omba chumba cha peke yenu. Mshike kwa mkono mmoja tu, sema wa kushoto, na usijiguse uso. Angalia saa. Mkono ukitoa mabaka ndani ya dakika 20, andika. Chafya ngapi, macho je, andika. Ukirudi nyumbani vua nguo zote na uzitie kwenye mfuko, oga, kisha endelea kuandika: baada ya saa moja, kabla ya kulala, asubuhi. Dalili nyingine huchelewa saa kadhaa, na kifua huwa kinasema usiku. Rudi tena baada ya siku mbili au tatu kwa paka yuleyule, kaa zaidi. Mimi nilikwenda mara tano kwa Kiraka. Tulikubaliana na daktari kwamba niende nikiwa natumia ile dawa yangu ya puani, kwa kuwa ndivyo nitakavyoishi, lakini nisimeze kidonge siku ya ziara, ili nisijidanganye. Mwenye pumu asijaribu haya bila idhini ya daktari, na asiende bila kipulizo chake cha pumu mfukoni.

Ziara ya nne nilibeba kipande cha pamba nyeupe, nikamsugua nacho mashavuni na mgongoni, nikakitia kwenye mfuko. Nyumbani nikakifunga kwenye kiti changu cha kushonea siku nzima. Si kipimo cha kitabibu na usikitegemee peke yake. Lakini kilinionyesha jinsi siku ya kazi itakavyokuwa: pua iliwasha kidogo, kifua kilikaa kimya.

Kabla ya karatasi, omba muda wa kujaribu

Vituo vingi vina mpango wa kumlea paka kwa muda, ambapo anakaa kwako wiki kadhaa bado akiwa wa kituo. Ukiwa na mzio, usimchukue kwa njia nyingine. Omba wiki nne. Kurudi kutoka malezi ya muda si sawa na kurudishwa na mwenyewe: kituo kilijua, mahali pake hapakufutwa, na taarifa utakayowapa kuhusu tabia yake nyumbani itamsaidia apate mtu mwingine.

Paka mgeni huhitaji chumba kimoja kwanza, siku tatu nne au zaidi, awe na mahali pa kujificha, maji, chakula na trei ya mchanga iliyo mbali na chakula. Hili linatufaa na sisi, kwa sababu mzio nao unaanza na chumba kimoja. Trei isafishwe kila siku na mtu asiye na mzio kama yupo, maana protini ile imo hata kwenye mkojo, na uchague mchanga usiorusha vumbi. Kwetu kazi hiyo ni ya mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, naye ndiye anayemchana Kiraka nje kila jioni kisha kumpangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Kumwogesha tumeacha. Kuogesha hupunguza protini, lakini hurudi baada ya siku chache, na paka wengi huona maji kama adhabu. Kuna chakula cha paka kilichotiwa kingamwili kutoka kwenye mayai ya kuku, ambazo huikamata Fel d 1 kwenye mate kabla haijasambaa. Hakiimalizi, hukipunguza kiasi chake, na inabidi ale kwa wiki tatu hivi ndipo uone tofauti. Kiraka anakila. Muulize daktari wa mifugo kama kinamfaa wako.

Daftari liendelee kila siku ya wiki hizo nne. Langu lilikuwa na safu nne: pua, macho, ngozi, usingizi. Siku ya tatu hadi ya kumi zilikuwa mbaya, kisha zikapungua. Usisubiri mwili "uzoee". Wapo wanaozoea na wapo wanaozidi kuwa wabaya, na huwezi kujua wewe uko upande gani kwa kuvumilia tu. Kuna na hili: ukisafiri wiki mbili ukirudi dalili zinaweza kuwa kali kuliko ulivyoziacha. Mimi hilo lilinitisha sana mara ya kwanza. Siku hizi nikisafiri siachi dawa ya puani, na nyumba husafishwa siku moja kabla sijaingia.

Chafya za asubuhi na macho ya kuwasha siku mojamoja ni vitu vya kuishi navyo. Kifua si cha kuishi nacho. Ukisikia mlio, ukiamka usiku kwa kukohoa, ukihitaji kipulizo mara nyingi kuliko kawaida, nenda kwa daktari wiki hiyohiyo. Ukishindwa kupumua vizuri au kumaliza sentensi, huo ni wakati wa hospitali, usiku huohuo.

Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, tafuta mtu atakayempokea paka iwapo utashindwa kuishi naye. Awe mtu wa kweli, amemwona paka, amekaa naye, amekubali kwa kinywa chake. Nilimwita dada yangu mkubwa, asiyejua mzio ni nini, akaja kukaa nasi Jumamosi mbili nzima. Jumamosi ya pili Kiraka alitoka chini ya meza, akapanda mapajani kwake bila koti la pamba wala nini, akaanza kunguruma. Niliona wivu, sitaficha. Siku ya 29 tulikwenda kituoni pamoja. Kwenye fomu ya mikrochipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya paka, kulikuwa na nafasi ya mtu wa pili wa kutafutwa iwapo mwenye paka hawezi tena kumtunza. Niliandika jina la dada, naye akatia sahihi yake pembeni.